Gauni Lililoachiwa Kitambaa

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hunirudia kila mwaka unapoanza. Huja yenyewe, sijaiita, nikiwa nimekaa hapa dirishani na kikombe changu cha chai, na kabla haijafika vizuri huwa nasikia harufu ya kitambaa kipya kilichopitishwa pasi ya moto. Hapo najua nimesharudi Ngara, Nairobi. Nina miaka ishirini na kidogo, na mbele yangu kuna cherehani nyeusi ambayo nimeichukia kwa moyo wangu wote.

Duka lenyewe halikuwa kubwa. Mwenye duka alikaa mbele na majora yake ya vitambaa, sisi mafundi tulikaa nyuma, na kazi yetu ilikuwa kushona sare za shule. Januari ikifika hakukuwa na kupumua. Akina mama walijaa mpaka kwenye ngazi, kila mmoja ameshika mtoto mkono asipotee, na wote walikuwa na neno moja tu: "Fundi, ya kukulia." Wewe umekulia Nairobi, nguo hiyo umeivaa. Ni ile sweta ambayo mikono yake inapita vidole, na ile sketi inayogusa soksi. Mtoto analia kwamba darasa zima litamcheka, na mama hamsikii, kwa sababu mama anamtazama mtoto wa darasa la kwanza na anamwona tayari yule wa darasa la tatu. Nami nilishona nguo hizo miaka yote hiyo bila kufikiria lolote juu yake.

Zilikuwa na namna yake ya kushonwa. Ndani ya mishono ya ubavuni uliacha kitambaa cha ziada, na chini uliacha upindo mnene, umekunjwa mara mbili, ili mwaka ukigeuka mama afumue kidogo na nguo iongezeke. Mtoto aliyekua ulimjua kwa ule mstari wa upindo wa zamani uliobaki kwenye sketi, umekolea rangi kuliko sehemu nyingine. Sisi mafundi tukikutana na mtoto wa namna hiyo barabarani tulikuwa tunafurahi, ingawa yeye hakujua tunafurahia nini.

Aliyekata nguo hizo alikuwa Mzee Mutiso, mtu wa Makueni, mrefu, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata wakati wa kula. Hakuwa msemaji sana. Lakini akikuuliza swali alingoja jibu, na huo ndio ulikuwa ubaya wake, maana wengi wetu tumezoea kuulizwa na watu ambao hawangoji.

Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma baada ya baba kufariki na shule kunikatikia kidato cha pili. Nilikaa na shangazi yangu kwenye fleti hapo hapo Ngara. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja: niwe muuguzi, tena yule wa kuzalisha. Nilikuwa mtoto mama alipojifungua kitindamimba wetu katika zahanati ya kwetu, na mimi nilijipenyeza nikasimama karibu na dirisha. Muuguzi aliingia, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akainama karibu na sikio la mama na kusema, "Rasoa, niko hapa." Mwanangu, nyumbani kila mtu alimwita Mama Nafula, kwa jina langu mimi. Nilikuwa karibu nisahau kwamba mama ana jina lake. Nikaona uso wake ukilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na tangu siku ile nikataka kuwa yule mwanamke mwenye mikono iliyolowa maji.

Kutaka ni rahisi. Ili niwe muuguzi ilibidi kwanza nimalize kidato cha nne, na njia iliyokuwepo ni masomo ya jioni, huko katikati ya jiji, juu kabisa kwenye jengo lililokuwa na vinyozi chini. Nilianza, nikaacha. Nikaanza tena, nikaacha tena. Nikuambie kwa nini. Nilianza kwa hasira. Wageni wa shangazi walikuwa wakiniona na kuuliza, "Na huyu wako anafanya nini?" Shangazi alijibu, "Huyu ako tu na cherehani." Ile "tu" ilinichoma. Kesho yake nilikwenda kujiandikisha, kichwa juu, nikiwaza jinsi nitakavyowaonyesha. Hasira hiyo ilinibeba majuma machache. Kisha mvua inanyesha siku moja, miguu imechoka, wageni wale wamesharudi makwao, na mimi sioni tena ninapanda zile ngazi kwa sababu gani.

Basi siku yenyewe ndiyo hii. Ilikuwa Februari, msimu wa sare umepita, joto limetulia ndani ya duka kama mgeni asiyetaka kuondoka. Jua la alasiri liliingia kwa mlango wa nyuma, na vumbi la nyuzi lilikuwa likielea ndani yake polepole. Mzee Mutiso alikuwa akikunja mabaki ya vitambaa. Saa yangu ya kuondoka ilifika na mimi sikuinuka.

"Nafula, leo huendi masomo?"

"Nimeacha, Mzee."

"Umeacha tena?"

"Nimeacha. Ile kitu si yangu."

Akaweka mkasi chini. Nilidhani ataniambia mimi ni mvivu, na majibu ya hayo nilikuwa nayo tele. Akaniuliza jambo lingine kabisa.

"Kwani wewe unataka kufika wapi?"

"Nataka kutoka hapa."

"Hapa naijua, niko hapa na wewe. Nauliza unaenda wapi."

"Si nilikuambia, Mzee. Nataka kuwa sista wa hospitali."

"Haya, umekuwa sista. Leo ni Jumanne, saa nne asubuhi. Uko wapi? Umevaa nini kwa miguu? Nani amekuita, na umemjibu aje?"

Nikacheka. Nilipomtazama yeye hakuwa anacheka, alikuwa anangoja. Niliyokuwa nikiyakimbia ningeweza kukusimulia mpaka kesho: mgongo unaouma, "tu" ya shangazi, kidole kilichochomwa na sindano. Lakini Jumanne saa nne ilikuwa tupu. Hakukuwa na chumba humo, hakukuwa na dirisha wala mtu.

"Mimi sijawahi kata nguo ya mtu sijaona," Mzee Mutiso akasema. "Hata mama akikuja bila mtoto namwambia arudi amlete. Sasa wewe kila mwaka unaanza kushonea mtu hata wewe mwenyewe hujui sura yake. Halafu ukiona haikai vizuri unatupa. Enda umtafute huyo mtu kwanza. Ukimwona, kuja uniambie."

Nilikasirika, sikufichi. Nilienda nyumbani nikimjibu njia nzima, na nikamshinda vibaya sana kwa maneno, kwa kuwa hakuwepo. Lakini Jumapili, baada ya kanisa, miguu yangu haikugeukia nyumbani. Ilipanda kuelekea Parklands.

Kulikuwa na hospitali moja huko, na nje ya ua wake kulikuwa na benchi ndefu ya mbao ambapo jamaa za wagonjwa walingoja saa ya kuona watu wao. Nikakaa nao. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kumwona nani. Mwanangu, natamani ningekuonyesha mchana ule. Katika hekalu la Wahindi lililo karibu kengele ilikuwa ikilia taratibu, na kabla haijanyamaza adhana ilianza upande mwingine. Tumbili wawili waliotoka bustani ya Siti Paki walitembea juu ya ukuta bila haraka, kama wazee waliotoka ibadani. Majani ya jakaranda yalianguka moja moja, mengine yakatua kwenye mapaja ya watu na hawakuyafuta. Kisha zamu ikabadilika, na wauguzi wakatoka. Nikawaangalia. Mmoja alikuwa anatembea huku ameshika kiatu kimoja mkononi, anacheka na mwenzake. Mwingine alisimama langoni, akafumba macho, akavuta pumzi, ndipo akaingia. Nilikaa pale mpaka jua likalegea, na niliporudi Ngara nilikuwa kama mtu aliyelala usingizi mzuri.

Jumatatu nikamwambia Mzee Mutiso.

"Nimemwona. Alikuwa na furaha."

"Furaha sina tepu yake. Kiatu?"

"Nyeupe. Chini ni raba, haipigi kelele."

"Ehe. Sasa tunaongea."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jumapili nilikwenda kukaa kwenye benchi, Jumatatu nilimpelekea Mzee nilichokiona, na yeye alikata nguo huku akiuliza. Dirisha la chumba liko upande gani? Asubuhi unakunywa chai kabla ya kutoka ama unakunywa huko? Ukichoka unaegemea wapi? Nikimpa maneno makubwa, kama heshima au mafanikio, aliyaacha yapite na kungoja. Nikimpa beseni, na maji ya uvuguvugu, na taulo ndogo ya kijani, aliitikia kwa kichwa. Polepole yule mwanamke akaanza kuja hata nisipomwita. Nilikuwa nikishona kola, nikainua macho, naye yuko pale, mnene kuliko mimi kidogo, anatembea bila kelele kwenye ukumbi wenye mwanga. Alikuwa na sauti ya chini. Nilimpenda, mwanangu. Ni jambo geni kumpenda mtu ambaye utakuwa, nami sikuwa nimewahi kulifanya.

Siku moja nikamwambia Mzee kwamba ndani ya chumba kile kuna mama amelala, mara yake ya kwanza kuzaa, anaogopa, na kila mtu anayepita anamwita "mama, wee mama". Huyu sista anaingia, ananawa mpaka kwenye viwiko, anainama na kumwita kwa jina lake. Mzee Mutiso aliacha kukata. Mkasi ukabaki wazi katikati ya kitambaa.

"Huyo sasa nimemwona," akasema. "Huyo tunaweza kumpima."

Hapo nikafanya kosa ambalo fundi pekee ndiye hulifanya. Nilikuwa na haraka ya mapenzi, nikanunua kitambaa cha rangi ya magauni ya wauguzi niliyoiona kupitia ua, samawati iliyofifia, na saa ya chakula nikajifungia kwenye chumba cha kujaribia nguo nikajipima mwenyewe mbele ya kioo. Nilikuwa nimepima watoto wa nusu ya Nairobi, ningeshindwaje kujipima mimi? Nilipomaliza kulishika kwa nyuzi za muda na kulivaa, gauni lilinivuta mgongoni na kola ikakimbilia sikio moja. Mzee alilitazama, akacheka mpaka akatoa miwani.

"Nani alikuambia fundi anajipima mabega? Ukiinua mkono ushike tepu, bega imeshaenda. Hii suti yangu yote nimekatiwa na yule jamaa wa River Road, na tunachukiana. Simama hapa."

Nikasimama. Akanipima kwa utulivu, kama anavyowapima watoto, akinigusa bega kwa kidole kimoja. Akafumua yote niliyoyafanya, akachukua kitambaa kingine cha rangi ile, akakata upya. Ndipo nikaona anachofanya. Kiunoni ameacha kitambaa cha ziada. Kifuani ameacha. Chini ameacha upindo mnene, umekunjwa mara mbili.

"Mzee, mimi si mtoto wa darasa la kwanza! Hii mbona ni ya kukulia?"

Alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kunijibu, au alijifanya hawezi. Akaendelea kushikiza. Nililalamika, nikasema mwili wangu umeshafika mwisho wake, nikasema nitaonekana mnene. Aliponitoa pini ya mwisho akalishona gauni, akalipiga pasi, akalifunga kwa karatasi ya kaki na kulitundika nyuma ya mlango wa duka. Akaniambia lisivaliwe kwa ajili ya kioo. Litavaliwa siku yenyewe.

Nikarudi masomoni mara ya tatu, na mara hii sikuwa na hasira na mtu. Jioni nilishuka kutoka Ngara, nikavuka daraja la mto na harufu yake, nikapita katikati ya wachuuzi wanaotandika nguo za mitumba chini, nikapanda zile ngazi. Mvua ilinyesha kama zamani. Miguu ilichoka kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na mtu wa kumwuliza. Nikitaka kubaki na shangazi nisikilize umbea, niliwaza tu: yule wa Jumanne angefanya nini sasa hivi? Mara nyingi jibu lilikuwa dogo sana. Angevua viatu, angeloweka miguu, angelala mapema. Na jambo jingine likaanza bila mimi kulipanga. Akina mama walipoingia dukani nilianza kuwauliza majina yao, si ya watoto wao. "Wewe mwenyewe unaitwa nani?" Walishtuka kidogo, kisha wakasema, na wengine walitabasamu wakilitaja. Cheti cha uuguzi nilikuwa sijakigusa, lakini kipande kimoja cha yule mwanamke kilikuwa tayari kimekaa kwenye cherehani pale Ngara.

Usidhani baadaye mambo yalinyooka. Mtihani nilipita, lakini chuo kiliniambia ningoje. Wakati nangoja nikaolewa. Nikapata mtoto wa kwanza, naye alikuwa mgonjwa mgonjwa, na usiku na mchana vikawa kitu kimoja. Mzee Mutiso macho yalianza kuingia ukungu, akaaga duka, akarudi kwao Makueni. Siku ya kuondoka alinikabidhi gauni likiwa ndani ya karatasi yake. Nikaliweka chini kabisa ya sanduku, na nikuambie ukweli ulio mchungu kwangu mpaka leo: upo wakati nilimsahau yule mwanamke. Sikumfukuza. Aliacha tu kuja, nami nilikuwa nimechoka sana hata nisitambue kwamba haji. Chuo kiliponiita, nilikwenda kama mtu anayeitikia jina la mwenzake.

Chuo kilikuwa na sare yake, kwa hiyo gauni halikutoka sandukuni. Nikasoma, nikamaliza. Nikapata kazi katika ile ile hospitali ya Parklands, nao wakatuambia tunaweza kuvaa nguo tulizoshonewa nje, mradi rangi iwe ile. Usiku wa kuamkia kazi nikafungua karatasi ya kaki. Gauni lilikuwa limebaki kama lilivyoshonwa. Nikalivaa, na halikufunga. Kiunoni lilikataa, kifuani likakataa, na urefu wake haukufika pale hospitali ilipotaka ufike. Nikaketi kitandani nikiwa nusu nimevaa, nikalia kwa uchungu. Niliona nimechelewa. Niliona yule msichana aliyepimiwa gauni lile ameshakufa, na mwanamke aliyeketi pale kitandani ni mtu mwingine ambaye hakuna aliyemkatia kitambaa.

Nikalivua. Mazoea ya fundi yakanifanya niligeuze ndani nje, nitazame mshono. Na kitambaa kilikuwa pale. Kilikuwa pale ubavuni, kikiwa kimelala miaka yote hiyo, kipana kama viganja viwili. Kilikuwa pale kifuani. Upindo wa chini nilipoufumua ulishuka, ukaendelea kushuka. Nilikesha nikishona kwa mkono, nikicheka peke yangu na machozi bado hayajakauka, na mtoto amelala kando yangu. Asubuhi nilitembea kwenda kazini na mstari wa upindo wa zamani unaonekana kwenye gauni, kama mtoto yeyote wa Januari.

Miaka michache baadaye nilikuwa nikipita kwenye ukumbi wa hospitali ile. Ningependa kukuambia ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, hadithi ingependeza. Ilikuwa Alhamisi mchana na nilikuwa na njaa. Kwenye benchi ya watu wanaongoja daktari wa macho alikaa mzee mrefu, kofia iko magotini, binti yake kando. Shingoni hakuwa na tepu, ndiyo maana sikumtambua mara moja. Nilipomtambua nikaenda, nikainama karibu na sikio lake.

"Mzee Mutiso, niko hapa."

Hakuniuliza mimi ni nani. Aliinua mkono, akapapasa hewani mpaka akapata bega langu, na vidole vyake vikatembea juu ya mshono.

"Hii bega nilikata mimi."

"Ni wewe, Mzee."

Mkono ukashuka ubavuni, ukasimama. Alikuwa amepata ule mstari wa matundu madogo, pale uzi wake ulipokuwa zamani. Akaufuata kwa ukucha.

"Umefungua hapa."

"Nilifungua, Mzee. Yote."

"Na chini?"

"Chini pia."

Akacheka, yale macho yenye ukungu yakiwa yamenielekea kama yananiona.

"Ile siku ulininunia sana."

"Nilinuna, Mzee. Mbona hukunijibu?"

"Ningekujibu nini? Niliona tu utachelewa. Sikujua ni nini itakuchelewesha, ndio nikaacha kitambaa kila mahali."

Nilikaa chini pale kando yake, ndani ya gauni lake, na njaa ikaniisha. Binti yake alidhani nalia kwa sababu ya macho ya baba yake. Nilimshika Mzee mkono mpaka alipoitwa kwa daktari, na siku ile nilichelewa kurudi wodini na sikujutia.

Sasa mwanangu, nisikilize kidogo, kisha uende. Nawaona nyinyi vijana mwaka unapoanza. Mnakuja hapa kwa bibi yenu, "Shosho, mwaka huu ni wangu, nimejipanga," mnanionyesha kwenye simu magari, na nyumba zenye bwawa la kuogelea, na mtu mwenye tumbo lililokauka kama ubao. Mnanunua viatu vya kukimbia, navyo vinakaa mlangoni mpaka vinajaa vumbi. Sikucheki, au nakucheka kidogo tu. Lakini hizo ni picha za vitu, na mimi nakutafuta humo sikuoni. Niambie siku yako moja ya kawaida. Umeamka saa ngapi, unanukia nini, nani anakuita na unamjibu kwa sauti gani? Ukishindwa kunijibu usione aibu, hata mimi nilishindwa. Nenda ukakae kwenye benchi mahali ambapo watu wanaishi maisha hayo, uangalie miguu ya watu, urudi Jumatatu.

Na usiende kwa sababu unachukia ulipo. Chuki itakutoa mlangoni, kisha itakuacha njiani kwenye mvua. Mtafute yule mtu utakayekuwa mpaka umpende, kwa sababu ni yeye atakayekuamsha asubuhi ambayo hakuna anayekutazama. Anza kuwa yeye kwa jambo dogo, leo, hapo hapo ulipo na cherehani unayoichukia. Mpe mtu unayemwamini tepu akupime, hata kama atakucheka. Na akikuachia nafasi kubwa usinune kama mimi, kwa kuwa utaugua, utapenda, utazaa, utazika, utasahau, na yote hayo yatataka mahali pa kukaa ndani ya hayo maisha unayoyaota.

Haya, chai yangu imepoa. Inama nikushike kichwa. Mungu akuonyeshe uso wa huyo mtu mapema, akiwa na viatu vyake na sauti yake. Akupe wa kukupima mabega, mwenye mkono mwepesi na asiyekuogopa. Na siku utakapofika umechelewa, umebadilika, nguo ya ndoto yako imekataa kufunga, ukikaa kitandani ukaigeuza ndani nje huku unalia, ukute kitambaa kiko pale kinakungoja.